Kioo Hakijafa

Ameileta imefungwa ndani ya khanga,
Nyafuru, karani wa mizani pale Mwaloni Kirumba,
akailaza mezani kwangu
kama mtoto aliyekataliwa na zahanati mbili.
"Wameniambia kioo kimekufa.
Kingine laki mbili na nusu.
Sema na wewe, nimeshazoea."

Sisemi. Nabonyeza kitufe.
Feni inaguna, kitaa cha pembeni kinawaka,
laptopu inalia ule mlio wake wa kuamka,
kisha giza, jeusi tii,
kama mawe ya Igogo umeme ukikatika.

"Limi, tochi."
Limi ana miezi mitatu hapa,
bado anashika bisibisi kama mwiko.
Nashusha turubai la mlangoni,
naulaza mwanga ubavu, nusura uguse kioo.
"Inama. Usikitazame usoni, kitazame kwa upande."
Anainama. Nyafuru naye anainama,
harufu ya dagaa ikainama pamoja naye.
Kimya.
"Kuna watoto!"

Wapo. Wamefifia kama penseli iliyofutwa,
watoto wawili juu ya jiwe, sare za shule,
na chini yao safu ya mafaili:
Mizani Machi. Mizani Aprili. Madeni.

"Madeni yapo?"
Sauti yake imebadilika.
"Yapo, mama."
"Maana wadaiwa wameshakuja kunipa pole.
Wengine pole yao ina meno nje."

Kioo hakijafa, namwambia. Picha inachorwa.
Kilichozimika ni taa iliyo nyuma yake:
duka limejaa bidhaa, koroboi haina utambi.
Babu yangu alikata makopo katika mtaa huu,
akafua koroboi mpaka vidole vikawa na kutu.
Makopo yamekwisha, jina limebaki, Makoroboi,
nami nimekaa kitako palepale
nikitafuta utambi nisioweza kuushika.

Nachomeka kwenye televisheni ya jirani:
watoto wanacheka kwa rangi zote. Ubongo mzima.
Nafungua mfuniko, naufunga, polepole,
nikiitazama bawaba. Kebo ikichanika hapo
mwanga huja na kutoweka, kama ahadi ya mlevi.
Huu hauji kabisa.

Basi parafujo, kumi na moja, ndani ya kifuniko cha soda.
Naipata fyuzi, ndogo kuliko jicho la dagaa.
Nairudishia mashine umeme, naweka ncha za mita.
Upande huu volti kumi na tisa.
Upande ule, sifuri.
Limi anapiga makofi. "Tubadilishe!"
"Subiri. Fyuzi haijiui. Nani kaiua?"

Nachomoa umeme. Nainua kichwa cha kebo kwa ukucha.
Wako humo, wamekauka, wameshikana kama masizi,
wadudu wa ziwa, wale wanaopanda angani
kama moshi wa kijiji kinachoungua
mwezi unapoandama.
"Huwa unaandikia wapi, mama?"
"Dirishani, usiku, boti zikishusha.
Taa hatuna. Taa yangu ni hiyohiyo."

Basi ndiyo hiyo waliyoifuata.
Waliingia kwa matundu ya feni, wakatafuta ulikotoka mwanga,
na unyevu ukawashika wakiwa njiani,
wakaziunganisha nyaya mbili
zilizokuwa hazisalimiani.

Brashi. Spiriti. Tunangoja ikauke.
Fyuzi tunaing'oa kwenye ubao wa marehemu mmoja wa kabatini,
Limi analehemu akiwa ameuma ulimi,
mkono unatetemeka, lakini si sana.

Nabonyeza.

Mwanga unampiga Nyafuru usoni, anafumba jicho moja.
Nilidhani atawatazama watoto.
Anaigeuzia laptopu kwake, tusione,
anashuka na kidole, anashuka, anasimama.
Anatoa simu kwenye khanga.
"Halo, Lugwisha?
Aa, kwema tu.
Nilikuwa nakwambia, imewaka."